Fantasi ya Ligi Kuu England: kuingia ni bure, ugomvi uko kwenye ligi ya hela

Msimu ukishachanganya, swali moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Mwanza mpaka Mombasa: "Fantasi bado naweza kuingia, au nimeshachelewa?" Majibu hayafanani. Mmoja atasema usajili ulifungwa Agosti. Mwingine atasema tuma elfu kumi kwanza ndipo upewe kodi (code) ya kuingilia. Wa tatu atauliza, kwani hiyo siyo kamari? Kila mmoja anazungumzia kitu chake bila kujua kwamba mwenzake anazungumzia kingine, na mgeni aliyeuliza anabaki pale pale. Tuufungue mchezo huu kipande kwa kipande, kwa kanuni za msimu wa 2025/26.

Fantasi ni mchezo wa kwenye intaneti ambao wewe unakuwa kocha wa timu ya kubuni, ila wachezaji wako ni wa kweli. Ukiwa na Mohamed Salah na Jumamosi akafunga goli, timu yako inapata pointi. Akikosa mechi, kwake huna kitu. Unaochezwa zaidi huku kwetu ni Fantasy Premier League, au FPL, ambao ni mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya England tangu msimu wa 2002/03, na sasa una washiriki zaidi ya milioni kumi duniani. Hauna kiingilio. Ukiambiwa ulipe chochote ili "usajiliwe FPL", anayekuambia hivyo ama hajui ama anakuibia.

Hela inaingia mahali pengine kabisa: kwenye ligi ndogo ambayo watu wa ofisi moja, mtaa mmoja au darasa moja wanaiunda ndani ya mchezo huo, kisha wanachangishana pembeni. Hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Kanuni za FPL zimeandikwa na waendeshaji wake na ni moja kwa wote, kuanzia Kariakoo hadi Oslo. Kanuni za ligi ya hela mnaziandika ninyi wenyewe, na kama hamkuziandika, hazipo.

Kujiandikisha na kujenga kikosi

Unafungua akaunti kwa barua pepe kwenye tovuti au app rasmi ya Premier League, unachagua nchi yako na klabu unayoshabikia, unaipa timu jina. Mfumo wenyewe utakuweka kwenye ligi ya nchi yako na ya mashabiki wa klabu yako bila wewe kuomba. Mtu mmoja ana timu moja. Nywila yako usimpe mtu, hata yule ndugu anayejitolea "kukupangia kikosi" ukiwa safarini, kwa sababu aliye nayo anaweza kubadili chochote na mfumo utahesabu kwamba ni wewe.

Unapewa pauni milioni 100 za kubuni ununue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Kutoka klabu moja huruhusiwi kuzidisha watatu. Fedha hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika. Mwanzoni mwa msimu wa 2025/26 Salah aliuzwa milioni 14.5 na Erling Haaland milioni 14. Ukiwachukua wote wawili umebakiwa na milioni 71.5 za kununua watu 13, yaani wastani wa milioni 5.5 kwa kila mmoja, na huko chini ndiko kocha mzuri anakojulikana.

Kati ya hao 15, kila raundi unapanga 11. Raundi ni kundi la mechi, mara nyingi za mwishoni mwa wiki, na msimu una raundi 38. Mfumo wa uchezaji unachagua mwenyewe, lakini lazima awepo kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu na mshambuliaji angalau mmoja. Wanne wanaobaki wanakaa benchi, na mpangilio wao pale una maana kubwa, kama tutakavyoona.

Saa inayowaumiza wengi

Dedlaini, yaani muda wa mwisho wa kubadili kikosi, ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi kuanza. Narudia: mechi ya kwanza ya raundi, hata kama mchezaji wako anacheza Jumatatu usiku. Ikipita, lolote utakalobadili litahesabiwa raundi inayofuata.

Tatizo letu Afrika Mashariki ni kwamba Uingereza wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Majira yao ya joto tunawatangulia kwa saa mbili. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi tunawatangulia kwa saa tatu. Chukua mechi ya kwanza ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana wa London: dedlaini ni saa 5:00 asubuhi yao, ambayo mwezi Septemba ni saa 7:00 mchana Dar es Salaam na Nairobi, lakini Desemba ni saa 8:00 mchana. Raundi ikianza Ijumaa kwa mechi ya saa 2:00 usiku wa London, dedlaini yetu ni saa 2:30 usiku wakati wa joto lao na saa 3:30 usiku wakati wa baridi. Msimu wa 2025/26 ulifunguliwa hivyo hivyo, Ijumaa ya tarehe 15 Agosti 2025, Liverpool na Bournemouth, na waliozoea kupanga timu Jumamosi asubuhi walikuta mlango umefungwa tangu jana yake. Walio Bujumbura, Kigali na Goma wapunguze saa moja kwenye saa hizi za Dar. Walio Muscat na Dubai waongeze moja.

Ukifungua akaunti yako mwenyewe, muda unaouona unafuata saa ya simu yako. Wanaopotea ni wanaotegemea picha zinazosambazwa kwenye magrupu zikiwa na saa za London.

Na ukisahau kabisa? Timu yako haifutwi. Kikosi cha raundi iliyopita kinaingia uwanjani kama kilivyo.

Pointi zinavyohesabiwa

Mchezaji akiingia uwanjani anapata 1, na akifikisha dakika 60 anapata 2. Goli la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Asisti, yaani pasi ya goli, ni 3 kwa yeyote. Klinshiti, yaani timu kutofungwa, ni 4 kwa kipa na beki, na 1 kwa kiungo. Kipa anapata 1 kwa kila mashuti matatu aliyookoa, na 5 akidaka penalti. Kuna makato pia: kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3, kujifunga 2, kukosa penalti 2, na kila magoli mawili wanayofungwa yanamkata kipa na beki pointi 1.

Jipya la msimu wa 2025/26 ni pointi za ulinzi. Beki akifikisha matendo kumi ya kuokoa, kuzuia, kunasa pasi na kukaba, anapata 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, ila wao wanahesabiwa na mipira waliyoirudisha mikononi mwa timu. Badiliko hili limewapa thamani wale mabeki wa timu ndogo wanaoshinda wakiondoa mipira ya kona mchana kutwa, watu ambao zamani timu yao ikifungwa goli moja tu walikuwa wanarudi na mbili zao.

Hesabu moja ya mfano. Beki wako amecheza dakika 90, timu haijafungwa, amefikisha matendo kumi, ameonyeshwa njano: 2 na 4 na 2, toa 1, jumla 7. Sasa mfikirie aliyetolewa dakika ya 58 huku timu yake nayo ikimaliza bila kufungwa. Huyo ana pointi 1 tu, kwa sababu klinshiti inataka dakika 60. Na aliyetolewa dakika ya 70 ubao ukiwa sifuri, hata wenzake wakifungwa matatu baadaye, klinshiti yake iko salama.

Juu ya hapo ipo bonasi. Wachezaji watatu bora wa kila mechi wanapata 3, 2 na 1, kwa hesabu ya takwimu za uwanjani. Hakuna mtu anayekaa London akipendelea Arsenal au kuichukia Chelsea. Ni pasi, mashuti, ukabaji na makosa vinavyojumlishwa kwa kanuni iliyotangazwa. Ila wakati mechi zinaendelea, unachokiona kwenye simu si cha mwisho. Beki anaonekana na pointi 6 dakika ya 85, goli moja likiingia anabaki na 2. Bonasi inahama kutoka mtu hadi mtu. Kwa hiyo kugombana kwa picha za skrini saa 12 jioni mechi hazijaisha ni kujichosha.

Nahodha na benchi

Nahodha uliyemchagua pointi zake zinazidishwa mara mbili. Asipocheza hata dakika moja, nafasi hiyo inakwenda kwa nahodha msaidizi. Akiingia dakika ya 89 amehesabika kacheza, pointi yake moja inakuwa mbili, na msaidizi hata kama amefunga matatu hazidishiwi. Wote wawili wakikosekana, hakuna wa kuzidishiwa.

Benchi linafanya kazi lenyewe. Mchezaji wa kikosi cha kwanza asipocheza kabisa, mfumo unamwingiza wa kwanza kwenye benchi, asipofaa wa pili, halafu wa tatu. Neno "asipofaa" ndilo linaloleta lawama. Tuseme umepanga mabeki watatu na mmoja kaumia asubuhi ya mechi. Wa kwanza kwenye benchi lako ni mshambuliaji aliyefunga mawili. Haingii, kwa sababu timu haiwezi kubaki na mabeki wawili. Ataingia beki, hata kama alikuwa wa mwisho na ana pointi moja. Kipa anabadilishwa na kipa tu. Mabadiliko haya yanafanyika raundi ikiisha, hivyo Jumamosi usiku usishangae kuona jina lenye sifuri bado limo kikosini.

Usajili wa wachezaji na zile karata

Kila raundi unaruhusiwa kubadili mchezaji mmoja bure. Usipoitumia nafasi hiyo inalimbikizwa, mwisho tano. Kila mchezaji wa ziada anakukata pointi 4. Bei nazo zinapanda na kushuka kufuatana na watu wanavyonunua na kuuza, na faida unachukua nusu tu: uliyemnunua milioni 7.0 akifika 7.2, unamuuza 7.1.

Halafu kuna karata nne maalumu. Wildcard inakuruhusu kubadili kikosi kizima bila makato. Free Hit inafanya hivyo hivyo, ila kwa raundi moja, kisha kikosi cha zamani kinarudi. Bench Boost inahesabu na pointi za benchi. Triple Captain inamzidishia nahodha mara tatu badala ya mbili. Kwa kanuni za 2025/26 kila karata ipo mara mbili, moja kwa kila nusu ya msimu, na ya nusu ya kwanza isipotumika kufikia raundi ya 19 imeungua, haivuki. Kwa raundi moja unatumia karata moja tu. Ushauri wangu kwa mgeni: Bench Boost na Triple Captain ziweke kwa ajili ya raundi ambazo timu nyingi zinacheza mara mbili, ambazo hutokea mechi zilizoahirishwa zinapopangiwa tarehe mpya.

Aliyechelewa ana nafasi gani?

Usajili haufungwi Agosti. Unaweza kuingia raundi ya 5, ya 15, hata ya 30. Mpaka dedlaini yako ya kwanza unabadili wachezaji upendavyo bila kukatwa, na unanunua kwa bei za siku hiyo. Unachokosa ni pointi za raundi zilizopita, basi. Kwenye orodha ya dunia nzima kweli umeachwa mbali, na sidhani kama hilo linapaswa kumsumbua mtu. Desemba 2019 aliyeshika namba moja duniani, kati ya washiriki zaidi ya milioni saba, alikuwa Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji wakati huo. Wengi wetu hatuchezi kwa ajili ya kilele kile. Tunacheza ili Jumatatu tumkute jirani na maneno.

Kwenye ligi ndogo ndipo kuchelewa kuna uzito. Unaingia kwa kodi, yaani herufi na tarakimu chache anazotoa mwenye ligi, na zipo aina mbili. Ligi ya kawaida inajumlisha pointi zote, na unaweza kujiunga wakati wowote, ila unaingia na pointi ulizonazo. Ya ana kwa ana inawakutanisha watu wawili wawili kila raundi, ushindi pointi 3, sare 1, na ikishaanza haipokei mtu mpya. Jambo ambalo wenye ligi wengi hawalijui ni kwamba anayeunda ligi ya kawaida huchagua raundi ya kuanzia. Wageni sita wakifika Januari, hakuna haja ya kuwaingiza kwenye ligi ya zamani ambayo wameshaachwa mamia ya pointi. Undeni nyingine inayoanza raundi ijayo, wote mkiwa sifuri.

Sasa, hela

FPL haipokei michango yenu, haiwatunzii, haiwalipi. Zawadi zake ni kwa washindi wake yenyewe. Ligi ya hela inaendeshwa kama upatu: kila kitu kimemwegemea kijumbe, na siku akizima simu hakuna dawati la malalamiko. Ndiyo maana namwonea huruma mtu anayetuma mchango kwa M-Pesa kwenye namba ya asiyemfahamu kwa sababu tu tangazo lina picha ya kombe. Ingia kwenye ligi ambayo mtunza hela unajua anapoishi, na majina ya waliolipa yawekwe wazi kwenye grupu.

Je, ni kamari? Mchezo wenyewe wa bure si kamari, huna unachoweka rehani. Lakini watu ishirini wakichanga na mmoja akaondoka na za wote, mimi nasema ukweli: hilo ni dau, hata kama linahitaji akili kuliko mkeka wa kubeti. Muislamu amuulize sheikh wake kabla ya kutuma, asijidanganye kwa jina zuri. Na mtu anayetaka kuigeuza biashara, akusanye hela za umma na kula asilimia, ajue anaingia kwenye eneo la leseni: Tanzania lipo chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Kenya ina sheria mpya ya mwaka 2025 iliyounda mamlaka ya kusimamia mambo hayo. Wanafunzi wa sekondari wasiingizwe kwenye ligi ya hela kabisa. Yapo magrupu yanayotumia mchango kula pamoja mwisho wa msimu, mshindi akipewa jezi tu, na kwa maoni yangu hao ndio wanaoufaidi mchezo.

Mkiamua kuchanga, andikeni masharti na kuyabandika juu ya grupu kabla mpira haujapigwa. Yasiwe marefu. Kwa mfano: "Mchango ni 20,000, mwisho kulipa ni kabla ya dedlaini ya raundi ya pili, asiyelipa anaondolewa. Zawadi ya mwezi inahesabiwa baada ya kutoa makato ya usajili. Wakilingana, wanagawana. Anayejitoa harudishiwi. Mechi zikisimamishwa, hela inahamia raundi inayofuata."

Kifungu cha makato kina sababu. Ukurasa wa timu unaonyesha pointi za raundi kabla ya makato, na makato yanaandikwa pembeni, ila jumla ya msimu imeshakatwa. Mtu aliyesajili wachezaji wa ziada watatu akapata 70 kwa kweli ana 58. Mwenzake mwenye 64 bila makato amemshinda, na grupu lisilokubaliana hilo mapema litalala likigombana. Cha kulingana nacho kina sababu: FPL ikikuta pointi sawa mwisho wa msimu humweka juu aliyefanya usajili mchache, bila kuhesabu ule wa Wildcard na Free Hit, na si kila mtu anaiona hiyo kuwa haki panapokuwa na laki mbili mezani.

Cha mechi kusimama watu hukiona cha kupoteza muda. Machi 2020 ligi ilisimama kwa sababu ya korona, ikarudi tarehe 17 Juni, na FPL ikawapa wote nafasi ya kubadili wachezaji bila kikomo kabla ya kuendelea. Septemba 2022 Malkia Elizabeth II alipofariki, mechi zote za raundi ya 7 ziliahirishwa na hakuna timu iliyopata hata pointi moja, iwe imejipanga vizuri au vibaya. Grupu lenye zawadi ya kila raundi lilikuwa na hela ya wiki nzima na halina mshindi wa kumpa, na FPL haikuwa na neno la kuwaambia kuhusu hela hiyo.